Majina mafupi yanapogongana ndani ya Emacs

"Shikamoo mwalimu. Niko Kigoma mjini, nimejifunza mwenyewe Emacs Lisp, lugha ya programu ya kihariri cha maandishi kiitwacho Emacs, kwa kusoma mwongozo wake. Nimeandika programu ya mistari kama mia nne ya kuweka hesabu za kikundi chetu kinachonunua dagaa na migebuka mwalo wa Kibirizi. Funksheni zangu nimezipa majina mafupi ya Kiswahili: bei, jumla, orodha, safisha. Mwezi uliopita mwenzangu wa kikundi aliniletea faili lake la kuandalia barua, nikaliweka kwenye mashine yangu. Juzi nimeita safisha, ambayo kwangu kazi yake ni kuondoa mistari mitupu, ikafuta jedwali lote la wiki. Nililirudisha kwa kutendua, lakini nimeshtuka. Ajabu ni kwamba siku nyingine inafanya kazi vizuri tu. Mafaili ni mawili tofauti, na yote yana provide na require. Kwa nini yanaingiliana? Nimeambiwa niweke kiambishi kwenye kila jina, ila nahofia programu itakuwa nzito na haitasomeka. Mwingine ananishauri nihamie Common Lisp, lugha nyingine ya ukoo huo. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu za watu, majina yatafuata. Kabla hujagusa mstari wowote wa programu, nakili faili la hesabu uliweke kwenye flashi. Safari hii kutendua kumekuokoa kwa sababu bafa, yaani maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs, ilikuwa bado wazi. Ungehifadhi na kuifunga Emacs, kumbukumbu ya kutendua ingepotea. Hata hapo bado kungekuwa na pa kukimbilia: Emacs, usipoikataza, huacha nakala ya faili kama lilivyokuwa kabla ya kuhifadhi kwa mara ya kwanza, yenye jina lile lile likimalizikia na alama ya `~`. Litazame folda lako leo ujue nakala hiyo iko wapi, usisubiri siku ya taharuki.

Sasa swali lako. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kwa nini mafaili mawili yanaingiliana, kama kiambishi kina gharama, na kama uhame. La kwanza ndilo lenye mzizi, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Wengi tukianza tunadhani faili ni nyumba, na kilichomo ndani ni cha mwenye nyumba. Katika Emacs Lisp si hivyo. Faili ni gunia la kubebea tu. Likishapakiwa, yaliyomo humwagwa kwenye uwanja mmoja ambamo Emacs nzima inaishi. Uwanja huo unaitwa `obarray`, nayo ni daftari kuu la simboli zote, yaani majina ambayo Lisp inayatambua. Kisomaji cha Lisp, sehemu inayosoma maandishi ya programu, kikikuta herufi s-a-f-i-s-h-a, kinalifungua daftari hilo na kuuliza: je, jina hili lipo? Likiwepo, kinarudisha simboli ile ile iliyokuwepo. Lisipokuwepo, kinaunda mpya na kuiandikisha. Hakiulizi jina limetoka faili gani wala limeandikwa na nani. Safisha yako na safisha ya mwenzako, tangu dakika ya kwanza, ni simboli moja.

Kila simboli ina vyumba vinne: kimoja cha jina lake, kimoja cha thamani, kimoja cha funksheni, na kimoja cha orodha ya sifa. `defun`, agizo la kutengeneza funksheni, inapofanya kazi inaingia chumba cha funksheni, inatoa kilichokuwemo, inaweka chake. Haibishi hodi. Hakuna kosa linalotangazwa, kwa sababu kubadilisha funksheni wakati Emacs inaendelea kufanya kazi ni jambo ambalo Lisp iliruhusu kwa makusudi, na ni moja ya raha zake.

Hapo ndipo lilipo jibu la ile ajabu ya "siku nyingine inafanya kazi". Kwa funksheni, anayepakiwa mwisho ndiye anayebaki. Siku ambayo faili la barua limepakiwa kwanza na la hesabu likafuata, safisha ni yako. Siku ulipofungua hesabu asubuhi, mchana ukaandika barua, kisha ukarudi kwenye hesabu, safisha imeshakuwa ya mwenzako. Unaweza kuthibitisha bila kubahatisha: bonyeza `C-h f` (Ctrl pamoja na h, kisha f), andika safisha, na Emacs itakuonyesha jina la faili ambalo funksheni iliyopo sasa imetoka. Fanya hivyo kabla na baada ya kupakia faili la barua, utaona jina la faili likibadilika mbele ya macho yako.

Kwa vigeu, yaani majina yanayoshika thamani, mambo huenda kinyume, na hili huwachanganya hata waliozoea. `defvar`, agizo la kuanzisha kigeu, haibadilishi thamani ikiwa kigeu tayari kina thamani. Kwa hiyo ikiwa wote wawili mna `defvar` ya jumla, aliyetangulia ndiye anayeshinda, na wa pili anafanya kazi na thamani ya mwenzake akidhani ni yake. Programu moja inaweza kushindwa upande wa funksheni na kushinda upande wa vigeu kwa wakati mmoja. Tena `defvar` ina athari nyingine: inalifanya jina hilo kuwa la pamoja kwa Emacs nzima. Mtu mwingine akiandika `let` yenye jumla ndani ya funksheni yake, akidhani ni kigeu chake cha ndani, anaweza kuwa anaibadilisha jumla yako kwa muda, na funksheni zako zikiitwa katikati ya hapo zitasoma namba isiyo yao. Kwenye hesabu za fedha za kikundi, hilo linanitisha kuliko lile jedwali lililofutika. Jedwali likifutika unaliona. Namba ikiwa siyo inaweza kupita.

Na `require` na `provide`? Kazi yake ni kuhakikisha faili limepakiwa, na halipakiwi mara ya pili bila sababu. Basi. Haijengi ukuta wowote. Zaidi ya hapo, neno unaloliweka kwenye `provide` nalo ni simboli iliyo katika daftari lile lile, kwa hiyo hata jina la faili lako linahitaji kuwa la peke yake.

Wewe uko Kigoma, utanielewa upesi nikisema hivi. Ukimwambia mtu wa Ujiji kwamba mzigo uende Mwanga, hatauliza Mwanga ipi. Mpe maneno hayo hayo mtu wa Moshi, mzigo utaelekea wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro. Hakuna aliyekosea. Jina moja limetumika bila kutajwa upande, na kila mmoja amelijaza kwa alichokizoea. Tofauti ni kwamba karani wa mizigo anaweza kukupigia simu akuulize. Emacs haiulizi.

Dawa ambayo jamii ya Emacs imeitumia kwa miaka mingi ni hicho kiambishi ulichoambiwa. Kila jina la pamoja katika programu yako, liwe la funksheni, la kigeu au la faili, linaanza na neno moja la programu hiyo, kisha kistari. Sisi Waswahili viambishi tumezaliwa navyo. Hapa nilipo, Tabora, mtoto anajua kwamba Mnyamwezi ni mtu, Kinyamwezi ni lugha na Unyamwezi ni nchi, na shina ni moja. Ila angalia tofauti hii: sikio letu hukata neno na kuona kiambishi mbali na shina. Emacs haikati. Kwake `mwalo-bei` ni mfuatano mmoja wa herufi, na kistari ni herufi kama nyingine. Kiambishi ni makubaliano ya watu, mashine haikijui. Nguvu yake inatokana na wewe kukitumia kila mahali bila kuruka hata jina moja.

Vivyo hivyo vistari viwili. Utaona majina kama `mwalo--soma-mstari`. Maana yake: hii ni ya ndani, wa nje asiitegemee kwa sababu naweza kuibadilisha kesho. Hakuna kinachomzuia mtu kuiita. Ni kama kuandika "binafsi" juu ya bahasha.

Usidhani ni wewe mgeni peke yako unayelipa gharama hii. Kwa miaka mingi Emacs yenyewe ilikuwa na kifurushi kiitwacho `cl`, kilichokopa funksheni nyingi za Common Lisp na kuzimwaga uwanjani kwa majina yake matupu. Iliwabidi watengenezaji waandike kingine, `cl-lib`, kilichokuja na Emacs 24.3 mwaka 2013, ambamo kila jina limevishwa `cl-` mbele. Kile cha zamani kilitangazwa rasmi kuwa kimepitwa na wakati katika Emacs 27.1 ya mwaka 2020. Hesabu miaka iliyopita kati ya hapo, kisha utazame mistari yako mia nne na watumiaji wako wachache. Huu ndio wakati wako wa bei nafuu.

Hofu ya uzito iondoe kabisa. Jina hutafutwa kwenye daftari wakati kisomaji kinaposoma maandishi. Baada ya hapo msimbo unashika simboli yenyewe, na kulinganisha simboli mbili ni kuuliza tu kama ni kitu kimoja. Jina la herufi 4 na la herufi 40 vinaendeshwa kwa kasi ile ile.

Hofu ya kusomeka ni ya kweli kidogo, na inategemea kiambishi utakachochagua. Mimi ningechagua `mwalo-`. Dagaa pekee haitatosha siku mtakapoanza kununua mawese, na Kibirizi haitatosha siku wenzenu wa mwalo mwingine watakapoiomba programu. Soko ni neno ambalo mtu mwingine yeyote anaweza kulifikiria. Herufi mbili tu, kama `mw-`, ni kujitafutia ugomvi upya. Ukishachagua, bonyeza `M-x apropos` (M ni kibonye cha Alt) na utafute `^mwalo-`. Kama hakuna kitu, uwanja ni wako. Na huhitaji kuandika neno zima kila mara: `M-/` au `C-M-i` vitakumalizia.

Pia si kila kitu kinahitaji kiambishi, na hapa wengi huzidisha hadi programu ikawa haisomeki kweli. Majina ya vigeu vya ndani ya `let` na ya hoja za funksheni yaache mafupi, mradi mstari wa kwanza wa faili una `lexical-binding: t`, inayovifanya vibaki vya ndani kweli. Simboli unazotumia kama lebo tu ndani ya orodha, mfano dagaa na migebuka kwenye jedwali lako, hazina funksheni wala thamani, hazimgongi mtu. Zinazoanza na nukta mbili, kama `:bei`, nazo ziache. Kiambishi ni cha kile unachokiandikisha kwa `defun`, `defvar`, `defcustom`, `defmacro` na jamaa zao.

Kwenye kubadilisha, tafadhali usiende haraka. Ukiiambia Emacs ibadilishe "bei" popote ilipo, itaingia kwenye maelezo, kwenye ujumbe unaomwonyesha mtumiaji, na katikati ya majina kama `bei-kwa-kilo`. Tumia `M-x query-replace-regexp`, na unachotafuta kiandike `\_<bei\_>`. Alama hizo mbili ni mipaka ya simboli nzima. Ile `\b` uliyoizoea ni mipaka ya neno, nayo huhesabu kistari kuwa mwisho wa neno, kwa hiyo itakuharibia `bei-kwa-kilo`. Pitia kila pendekezo kwa macho, moja baada ya jingine. Kwa mistari mia nne ni kazi ya jioni moja.

Ukimaliza usijaribu ndani ya Emacs ile ile uliyokuwa unaitumia. Simboli za zamani bado zimo humo na funksheni zake, kwa hiyo mahali uliposahau kubadilisha pataendelea kufanya kazi na utadhani umemaliza. Fungua terminali, ingia kwenye folda la programu, uandike:

`emacs -Q --batch -L . -f batch-byte-compile mwalo.el`

Hiyo `-Q` inaianzisha Emacs bila mazoea yako yoyote, na kompaila itakutajia kila funksheni inayoitwa bila kujulikana ilikoandikwa. Itakuonya pia juu ya `defvar` isiyo na kiambishi, lakini usiitegemee sana kwa hilo: inachotazama ni kama jina halina kistari wala alama nyingine chache. `jumla` itaikamata, `jumla-kuu` itapita ingawa haina kiambishi cha programu yako.

Kuna hatari moja ambayo hukuitaja na ndiyo inayonifanya niandike kwa msisitizo. Ukishahama kutoka safisha kwenda `mwalo-safisha`, mgongano umekwisha, lakini vidole vyako havijahama. Siku moja umechoka utaandika `M-x safisha` ukiwa kwenye hesabu, na sasa jina hilo ni la mwenzako peke yake, lile linalofuta kila kitu. Kwa hiyo nenda kwake, mkae, naye aweke kiambishi chake, tuseme `barua-`, na funksheni yoyote inayofuta bafa nzima iulize kwanza kwa `yes-or-no-p`. Kwa sababu hiyo hiyo usiache jina la zamani kama lakabu. Ipo `define-obsolete-function-alias`, ni nzuri pale jina jipya linapochukua nafasi ya la zamani lisilogombaniwa, lakini kwako lakabu ingeurudisha ugomvi ule ule uwanjani. Wanakikundi ni wachache. Waambie kwa mdomo.

Huenda umesikia, au utasikia, juu ya njia ya mkato iliyoletwa na Emacs 28.1 mwaka 2022. Unaweka mistari hii mwishoni mwa faili:

`;; Local Variables:`
`;; read-symbol-shorthands: (("m-" . "mwalo-"))`
`;; End:`

Kisha ndani ya faili hilo unaandika `m-bei`, na kisomaji kinakusomea `mwalo-bei`. Simboli inayoandikishwa ni ile ndefu, kwa hiyo uwanjani uko salama. Ni kazi nzuri, na ililengwa kuyasaidia mafaili ya wengine yaliyokuwa yameandikwa kwa majina mafupi kupita kiasi. Ila ina bei yake. Ukitafuta "mwalo-bei" kwa `grep`, chombo cha kutafuta maneno kwenye mafaili, hutaipata humo. Jina lililo ndani ya maandishi ya nukuu, ukaligeuza simboli kwa `intern`, halipanuliwi. Na simboli ya mtu mwingine inayoanza na `m-` itapanuliwa nayo bila wewe kutaka. Anayetumia Emacs ya zamani kuliko 28 hataweza kuiendesha programu yako sawasawa. Kwa ukubwa wa kazi yako nashauri uiache. Kama shida ni macho tu, kipo kifurushi kiitwacho `nameless` kinachokificha kiambishi kwenye skrini huku maandishi ya faili yakibaki kamili. Hicho sina neno nacho.

Kuhusu kuhamia Common Lisp: aliyekushauri hajakosea kwamba kule kuna kuta. Kila simboli ina kifurushi chake cha nyumbani, unakitangaza kwa `defpackage`, na safisha ya kifurushi kimoja si safisha ya kingine hata kama herufi ni zile zile. `mwalo:bei` ni jina lililotolewa nje kwa ridhaa, `mwalo::bei` ni kuingia kwa mlango wa nyuma, na mlango huo haufungwi kwa ufunguo. Lakini kule nako kuna mitego. Ukiandika jina kabla hujakitumia kifurushi chenye jina hilo, kisomaji kinaliandikisha papo hapo kwenye kifurushi ulichopo, na ukija kuita `use-package` unakutana na mgongano wa majina. Wanafunzi hupoteza saa nzima hapo hadi wajue `unintern`. Lakabu za vifurushi zinazotumika ndani ya kifurushi kimoja, ambazo SBCL na programu nyingine za kuendeshea Common Lisp zinazo, hazimo kwenye kiwango rasmi cha lugha hiyo cha mwaka 1994. Scheme, lugha nyingine ya ukoo wa Lisp, ina njia ya tatu ninayoipenda: tangu kiwango chake cha R6RS cha mwaka 2007, na tena katika R7RS cha mwaka 2013, anayeleta maktaba ndiye anayeamua kiambishi, badala ya mwenye maktaba.

Jifunze hizo kwa kupenda kujua, utafaidika. Lakini usihame kwa sababu ya safisha. Programu yako inaishi ndani ya Emacs kwa sababu jedwali, bafa na vibonye vyako viko humo. Ukihama utaandika upya yote hayo ili kutatua jambo la jioni moja.

Mahali ninapoona huhitaji barua yangu tena bali mtu wa kukaa naye ni pawili. Kwanza, ukilinganisha jumla za mwezi uliopita na daftari la karatasi la katibu zikatofautiana, usirekebishe peke yako hata kama unaamini umeijua sababu; fedha ni za kikundi, kaeni wawili au watatu na katibu akiwepo, mstari kwa mstari, tangu siku ulipolipakia faili la barua. Pili, ikiwa baada ya viambishi vyote tabia bado inabadilika siku hadi siku, kuna kitu kingine kinapakiwa bila wewe kujua, na hilo ni gumu kuliona kwa maelezo. Tafuta mwalimu wa kompyuta wa chuo kilicho karibu au mwenzako yeyote anayeijua Lisp. Nenda kwake na mashine yenyewe, mafaili yote mawili, na faili lako la kuanzishia Emacs. Bila hilo la tatu hataweza kukuambia lipi lilipakiwa mwisho.